Mabinti wa pwani hawajui kuogelea na wazee hawataki wafundishwe, nianzie wapi?

Mwalimu wa Kusini

Assalam alaykum ndugu zangu, na wengine wote hamjambo. Mimi ni mwalimu wa skuli kusini Unguja, kijiji naomba nisikitaje maana huku tunajuana wote. Nina jambo limenikaa kooni miezi sasa, nimeona nilitoe hapa nipate mawazo ya watu waliopita njia hii.

Mwezi wa pili mwaka huu, wakati wa bamvua, mwanafunzi wangu mmoja wa miaka 13 alifuatana na mama yake kwenye mwani. Mnaojua mwani mnajua hali ilivyo siku hizi, huku karibu na ufukwe unafanya weupe unakatika katika, maji yenyewe mchana yanakuwa moto kama ya kukandia mzazi, kwa hiyo kina mama kila mwaka wanasogeza kamba zao nje zaidi. Siku ile walijisahau wanafunga taitai, vile vikamba vya kushikia mwani, maji yakaanza kujaa nyuma yao. Mama katangulia na gunia kichwani, mtoto yuko nyuma, akakanyaga penye mkondo akazama. Alivaa dera na mtandio, dera likajaa maji likawa kama mtu anamvuta chini. Walomtoa ni watoto wa kiume watatu waliokuwa wanarudi na ngalawa, na mmoja wao ni mdogo wake wa tumbo moja, ana miaka 11.

Mimi nilikuwepo pwani nimeona kwa macho yangu. Mtoto katapika maji akaanza kulia, alhamdulillah. Mama yake kakaa mchangani hata halii, anamfunga mtoto mtandio kichwani, anaufungua, anaufunga tena, anaufungua.

Usiku ule sikulala. Nyumba moja, mlango wao unatazama bahari, mtoto wa miaka 11 anaogelea kama changu na dada yake wa miaka 13 hajui hata kuelea. Na wale wa kiume hakuna aliyewafundisha, wanajirusha kutoka kwenye ngalawa tangu wana miaka minne mitano, mwenzao akizama wanamvuta, ndo skuli yao hiyo. Wa kike akifika miaka saba nane anaambiwa sasa we mkubwa njoo ndani. Halafu akifika 13 tunamrudisha bahari ile ile akafunge mwani, na maji ni ya kina zaidi kuliko ya bibi yake!

Basi nikaanza darasa la kuogelea Jumamosi asubuhi. Mimi mwenyewe nimejifunza ukubwani, nilipokuwa chuo cha ualimu, mwenzangu mmoja wa kike alinifundisha. Siogelei kama bingwa lakini naelea, naenda na narudi. Tulianza mabinti wanane, sasa hivi nnapoandika wamebaki watatu. Sababu ninazoambiwa ni nyingi, nguo ikiroa inashika mwili, watalii wanapita, bado kidogo watavunja ungo, mtoto wa kike akishazoea bahari hatulii tena ndani, na wengine wananong'ona eti atapoteza usichana wake. Mzee mmoja kaniambia kwa upole kabisa, mwalimu we wafundishe hesabu.

Sitaki mtu aniambie nipigane na wazee. Hawa ni watu wangu, nimezaliwa nao, na najua wanawapenda watoto wao. Nnachouliza ni hivi, nyie mliofanikiwa kuwaingiza mabinti kwenye mchezo wowote ule, mpira, netiboli, riadha, kuogelea, kwenye kijiji kama changu, mlianzia wapi? Mlisema nini na nani?

---

kijana_wa_bara

Mwalimu hongera sana kwa moyo huo. Mi naona nenda kwa sheha, nenda ustawi wa jamii, elimu ya kuokoa maisha ni haki ya mtoto, mzazi hana mamlaka ya kumkatalia. Wakiona serikali imeingia wataacha. Mbona Serengeti Girls mwaka 2022 walienda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India wakafika robo fainali, na wale nao wana wazazi kama hao?

---

Mama Nassor

Kijana wa bara nakushukuru kwa nia njema lakini hapo tutamharibia mwalimu. Ukienda kwa sheha kumshitaki baba wa mtoto, kuanzia siku hiyo we mwalimu ni adui na hata skuli mtoto ataletwa kwa shingo upande. Kwa sheha nenda, ila nenda kuomba baraka na umueleze yote kabla hajasikia kwa watu. Huo ni utaratibu tu wa kwetu.

Mwalimu dada yangu, mimi natoka kaskazini. Huku si jambo geni tena, kuna mradi unaitwa Panje, Nungwi, ambao miaka mingi sasa wanafundisha watoto kuogelea na mabinti wamo wengi, wanavaa yale mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima mpaka kichwa. Mwanzo maneno yalikuwa mengi sana. Sikwambii uwaige, nakwambia ujue kwamba kisiwa hiki hiki, dini hii hii, imewezekana, na hilo waambie wazee wako maana mtu akisikia Ulaya anaona si yake, akisikia Nungwi anasema aa kumbe.

Sasa mimi nilivyofanya na wanangu na watoto wa shoga zangu, nakupa kama nilivyofanya. Kwanza usianze na mabinti, anza na mama zao. Mama asiyejua maji anaogopa maji, na mama anayeogopa maji hawezi kumtetea mtoto mbele ya baba yake. Mimi niliwaita wanawake wanne tu, watu wazima, tukaenda asubuhi mapema kabla watu hawajajaa pwani, maji ya kiunoni. Nguo usitumie dera wala kanga, zinanyonya maji zinakuwa nzito. Mpelekee fundi cherehani kitambaa kile cha jezi, chepesi, rangi ya giza, akate suruali na blauzi ndefu ya kufika magotini, isiwe pana sana isipepee kwenye maji, na ushungi uliokwisha kushonwa usiohitaji pini. Ikitoka majini haing'ang'anii mwili kama pamba na inakauka haraka. Wakimaliza kila mmoja ana kanga yake kavu ukingoni, anatoka anajifunika, basi.

Na maboya ya kununua usihangaike nayo. Dumu la mafuta la lita tano, tupu, lifunge kifuniko vizuri, mtoto analikumbatia kifuani. Mikono ikiwa na kitu cha kushika moyo unatulia.

Ila cha kwanza kabisa kuelea chali. Watu wengi wanakimbilia kupiga mikono na miguu, hapana. Unasimama nyuma yake, kisogo chake kiganjani kwako, mkono mwengine chini ya mgongo, unamwambia atazame juu. Shida inakuja masikio yanapoingia maji, hapo ndo wote wanashtuka wananyanyua kichwa na kiuno kinazama. Mwambie asikilize pumzi yake, maana masikio yakiwa ndani ya maji mtu anajisikia anavyohema, kama yuko chumba cha peke yake. Akishaizoea sauti ile unapunguza kiganja vinabaki vidole viwili, halafu kimoja, halafu unatoa mkono usimwambie. Binti yangu wa pili, wallahi nilikaa kama hatua tatu mbali nae na bado ananambia mama usiniachie.

---

Shida_ya_Jambiani

Mwalimu nakuunga mkono mia kwa mia lakini lazima niseme hili, na nalisema kwa uchungu. PICHA. Kwetu kuna kikundi kilikuja kufundisha watoto wa kike, jina silitaji, kazi nzuri mwanzo, wazee wakaanza kulainika. Siku moja mtu kaja na kamera kubwa, watoto wako majini, nguo zimeroa, anapiga tu. Baada ya miezi baba mmoja anaonyeshwa na kijana wake kwenye simu picha ya mtoto wake imewekwa huko na maelezo kwamba hawa ni wasichana wanaokandamizwa sasa wamekuwa huru. Yule baba alikuwa amemruhusu mwanawe kwa hiyari yake, alimpeleka yeye mwenyewe kwa baiskeli! Kesho yake hakuna mtoto hata mmoja aliyerudi, na mimi siwalaumu.

Kwa hiyo weka sharti, simu hazifiki pwani, hata yako. Mtalii akija na simu awepo mama mmoja mtu mzima wa kumwendea na kumwambia hapana. Na usimwambie mtoto wala mzazi kwamba unamkomboa. Mtoto anajifunza kuogelea, inatosha, kaka yake anapojifunza kuogelea kuna mtu anasema amekombolewa?

Halafu kwa hilo la mwani, umelipita haraka ila mi naona hapo ndo penye mlango wako. Huku kwetu wapo kina mama wanaofuga sponji baharini, ile ya kuogea, na kabla hawajapewa kazi ile walifundishwa kuogelea kwanza maana sponji zinaning'inia kwenye kamba maji ya kina. Wanawake watu wazima wengine wana wajukuu. Na kwenye mwani ni hivyo hivyo, tunalima aina mbili, cottonii na spinosum, cottonii ndiyo yenye bei lakini ndiyo inayokufa kwenye maji ya moto, anayeitaka lazima aende kina kirefu, na kina kirefu anakwenda anayejua kuogelea. Mwani ulianza kulimwa kwetu mwisho wa miaka ya 80, wanawake ndo waliouinua mpaka wakajenga nyumba na kusomesha. Sasa wanaupoteza kwa sababu hawawezi kuufuata. Waambie wazee lugha hiyo.

---

Baba wa Watatu (Wete)

Nimesoma yote. Mimi ndo yule mzee anayekataa, kwa hiyo nisikilizeni na mimi.

Nina mabinti watatu. Sikatai kwa kuwa nawachukia au nataka wabaki wajinga, wote wanasoma, mkubwa yuko Fomu Three. Nakataa kwa sababu heshima ya mtoto wa kike kwetu ikishachezewa mdomoni mwa watu hairudi, na anayelipa ni yeye, si mwalimu wala si mradi. Mradi unakuja na unaondoka. Mimi nabaki, mwanangu anabaki, na maneno yanabaki. Mtu akiniuliza kwa nini namlinda namwambia kwa sababu hakuna mwengine wa kumlinda.

Ila niseme na jengine. Septemba 2011, meli ile ya usiku iliyozama ikija Pemba, ndani yake alikuwemo dada yangu na mwanawe wa kike. Tulikaa Wete tunasubiri. Waliopona walihadithia wameshika magodoro, wameshika chochote kinachoelea, mpaka asubuhi. Dada yangu hakuwa anajua kuogelea. Mwanawe hakuwa anajua. Sisemi wangelijua wangepona, baharini usiku ule waliokufa walikuwemo na waogeleaji, hukumu ni ya Mungu. Lakini miaka yote hii najiuliza walipata muda gani. Mtu anayejua kuelea anapata muda, asiyejua hapati hata wa kushika godoro.

Sijawahi kuliandika jambo hili popote. Mwalimu, mimi ukija nyumbani kwangu ukaniambia haki za mtoto nitakupa chai na nitakusindikiza mlangoni. Ukiniambia nani atakuwepo, wanaume watakuwa wapi, atavaa nini, saa ngapi anarudi na nani anamleta, hapo tutakaa.

---

Mwalimu wa Kusini

Baba wa Watatu, Mwenyezi Mungu awarehemu. Nimesoma ujumbe wako mara tatu na nimelia. Nashukuru sana kwa kunijibu kama mzazi, ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nimeyaandika maswali yako kwenye daftari kama yalivyo.

Shida ya Jambiani, hilo la picha sikuliwaza kabisa, na nina aibu maana Jumamosi ya kwanza mimi mwenyewe nilipiga picha moja ya mabinti kwa mgongo nikawatumia walimu wenzangu kwenye grupu la WhatsApp. Huenda na hiyo ilichangia. Nimeifuta na nitakwenda kwa wazazi wale kuomba radhi.

---

dada_wa_kilifi

Hamjambo wote, mimi niko Kilifi, nlikuwa nacheza mpira, namba sita, sasa nafundisha watoto jioni. Huku kwetu wengine Waislamu wengine Wagiriama wa mila wengine kanisa, na nakwambia ubishi ni ule ule tu, kila nyumba ina sababu yake ya kumweka msichana jikoni saa kumi jioni. Manake tusidhani ni dini pekee. Saa kumi jioni ndo maji yanatekwa na ndo kuni zinaletwa na ndo mtoto mdogo anabebwa, na nani anabeba?

Pengine mmeisikia Moving the Goalposts, imeanza hapa Kilifi mwaka 2001 na mpira wa wasichana, na kitu nlichokipenda kwao ni kwamba wasichana wenyewe ndio makocha, ndio marefa, ndio wanaopanga ligi, ndio wanaofunga bandeji mtu akiumia. Sasa hiyo inabadilisha nini, inabadilisha kwamba mzazi akija uwanjani hapati mgeni, anapata binti wa jirani yake amevaa filimbi shingoni anaamua, na wavulana wamekaa pembeni wanatii. Mimi mamangu alikuja mara ya kwanza kunitafuta anichape, nlikuwa nimeacha ndoo kisimani. Akanikuta naweka mikono hewani nasimamisha mechi ya watoto wadogo. Alisimama pale na fimbo yake mpaka mechi ikaisha. Njiani hakunichapa, akaniuliza wale wakubwa mbona walikusikiza?

Kwa hiyo mwalimu ushauri wangu, hao watatu waliobaki usiwaone wachache. Wafundishe vizuri kabisa mpaka waweze kushika mwenzao, halafu wao ndio wafundishe, na uwape vyeo, huyu wa kuhesabu watu kabla ya kuingia majini na baada ya kutoka, huyu wa kushika kamba, huyu wa kujua maji yanajaa saa ngapi. Mtoto aliyezoea kuambiwa nyamaza, siku akipewa kazi ya kuhesabu wenzake na akasema mwalimu mmoja hayupo, sauti yake inatoka kwengine kabisa. Mimi nimeona wasichana ambao hata kujibu darasani walikuwa hawawezi.

La pili panga saa kulingana na kazi za nyumbani, usipange kulingana na wewe. Sisi tulihamisha mazoezi kutoka saa kumi hadi saa kumi na moja kasoro, tukaanza kwenda kisimani timu nzima, kila mtu na ndoo yake, tunateka pamoja tunapeleka halafu ndo mpira. Wazazi walipoona ndoo zinajaa mapema kuliko zamani vita vikaisha.

Na la tatu siku za hedhi. Ongeeni wazi. Huku wasichana walikuwa wanapotea mazoezini siku nne tano kila mwezi, kocha wa kiume anadhani ni wavivu. Kwenye maji itakuwa zaidi, kwa hiyo waambie mapema kwamba siku hizo anakuja anakaa ukingoni anahesabu watu, hapotei, na haulizwi mbele za watu.

---

Ustadh Fundi wa Saa

Bismillah. Nimeona dini imetajwa na kila mtu anaivuta upande wake, naomba nichangie kidogo kwa ninachokijua.

Mabinti kufanya mazoezi hakuna katazo lake. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume, rehma na amani zimshukie, wakiwa safarini, akamshinda. Baadae alipokuwa amenenepa wakashindana tena Mtume akamshinda, akamwambia hii kwa ile. Hadithi hii imo kwa Abu Daud. Kilichowekwa na sheria ni sitara na kutochanganyika na wasiokuwa maharimu, na hayo mwalimu na dada Mama Nassor wameshayatengeneza, nguo ya sitara, mwalimu wa kike, sehemu ya faragha. Sasa anayesema haramu atuletee kilichobaki.

Na kuokoa nafsi ni jambo zito. Qurani katika Surat al-Maida aya ya 32 inasema mwenye kuokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Binti huyu kaokolewa na mdogo wake, je angezama yule mdogo na dada ndo yuko karibu?

Kuhusu usichana kupotea kwa mchezo, hilo ni jambo la khofu tu na limewafungia mabinti wengi ndani, heshima ya mtoto ni tabia yake na malezi yake. Mwalimu, mtafute ustadh wa chuo chenu cha Qurani, kaa nae faragha kwanza. Usimuulize mbele ya watu, kwa sababu mtu akiulizwa mbele ya watu anajibu kwa kujihami. Ukipata wasaa muombe aseme baada ya sala ya Alasiri, maneno mawili tu, yatafanya kazi kuliko barua ya wizara.

---

Binti Leicester

Naandika kutoka Uingereza, mimi mzaliwa wa Mombasa. Nataka kuongeza kwamba hili la nguo halikuwaumiza mabinti kwa upande wa wazazi peke yake. FIFA ilikataza hijabu uwanjani mwaka 2007, na 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan wakiwa tayari wamefika, nafasi ya Olimpiki ikawapotea hivyo hivyo. Ruhusa kamili ilitoka 2014. Basketi nayo, shirikisho lao la dunia, FIBA, halikuruhusu mpaka 2017. Yaani binti nyumbani anaambiwa ukicheza utavua, anafika uwanjani anaambiwa usipovua huchezi, sasa aende wapi? Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akaingia uwanjani Kombe la Dunia na hijabu yake, wa kwanza kwenye mashindano hayo, wakawafunga Korea Kusini 1-0. Nilikuwa naangalia na mamangu, mama hajui hata ofsaidi ni nini, akakaa mpaka mwisho.

Na kisa changu nnachokipenda ni cha Ibtihaj Muhammad, Mmarekani wa mchezo wa vitara, aliyepata shaba na timu yake Rio 2016. Aliyemtafutia mchezo ule ni mama yake. Alipita na gari karibu na skuli akaona watoto ndani wamevaa nguo zinazofunika mwili wote, akasema huu mwanangu anaweza kuucheza. Mama yake ndiye aliyekwenda kutazama, ndo maana nakubaliana na Mama Nassor anza na mama. Huku tuna saa za wanawake tu kwenye bwawa la kuogelea, pazia linashushwa, mlinzi wa kike, na linajaa mpaka mnagongana.

---

Mwalimu wa Kusini

Wadau nimerudi, imepita wiki sita, samahanini kwa kimya.

Nilikwenda kwa sheha, akasema yeye hana neno ila wazee wa mtaa wajue. Nikaenda kwa ustadh wa chuo, peke yangu na shangazi yangu, nikamsomea ile hadithi ya mbio. Alikuwa anaijua vizuri kuliko mimi. Akanyamaza kidogo akaniambia binti aliyezama ni mwanafunzi wake pia, anasoma juzuu ya tatu. Baada ya Alasiri hakusema maneno mawili, alisema kama dakika kumi.

Nikazunguka nyumba tano za wale waliowatoa watoto wao. Nyumba mbili niliomba radhi kwa picha. Nilikwenda na ile orodha ya Baba wa Watatu, nani atakuwepo, wanaume wako wapi, atavaa nini, saa ngapi anarudi, nani anamleta, nikajibu moja baada ya moja. Nyumba moja baba kakataa kabisa na nimemwambia sawa mzee wangu, bado nitakuja kukuamkia. Sikutaja popote neno haki, na hata neno mchezo nililitaja mara moja tu.

Fundi ameshona suti saba za kitambaa cha jezi, rangi ya buluu nzito. Ya kwanza ilikuwa pana sana kwenye mikono ikawa inajaa maji, tumeipunguza. Madumu tunayo kumi na moja, kina mama wameleta wenyewe kutoka jikoni.

Sasa niwaambie la Jumamosi iliyopita. Mama wa yule binti alikuja. Mara zote alikuwa anakaa juu kwenye kivuli cha mkoko na kazi yake ya ukindu anasuka anatazama. Binti yake siku hizi ndo mhesabuji, dada wa Kilifi ushauri wako, anasimama ukingoni anasema kwa sauti, moja, mbili, tatu, na mtu akipiga mbizi kabla hajamaliza anamrudisha. Basi alipomaliza kuhesabu mama kaweka ukindu chini akashuka na nguo zake zile zile, baibui na kila kitu, akafika maji ya magotini akasimama. Binti akamwambia mama na baibui hapana litakuvuta. Mama akatazama huku na huku, pwani hakuna mtu, akalivua akalikunja akaliweka juu ya dumu, ndani alikuwa ameshavaa suruali ya binti yake wa kwanza na blauzi. Kumbe alikuja amejiandaa.

Nikataka kumshika mimi, akasema hapana anishike huyu. Mtoto wa miaka 13 akasimama nyuma ya mama yake, kiganja kisogoni, mkono mwengine chini ya mgongo, akamwambia tazama juu mama, masikio yakiingia maji usishtuke, sikiliza unavyohema. Mama kashtuka mara mbili kanyanyuka. Mara ya tatu kakaa. Binti kabakisha vidole viwili.

Sasa tuko kumi na wawili, pamoja na kina mama wanne. Jumamosi ijayo ni maji mafu, mkondo mdogo, tunaingia saa mbili asubuhi. Mwanamke yeyote wa kusini anayejua kuogelea na anaweza kuja kusaidia kushika watu anitumie ujumbe, mikono yangu miwili haitoshi tena. Na fundi anaomba kama kuna mtu anajua wapi mjini kitambaa kile kinapatikana kwa jora.